Bastola za Baba Pushpendra

Hapa kwetu Simrauli mke hamtaji mumewe kwa jina. Akimhitaji husema baba fulani, au hugonga sufuria, au humtuma mtoto. Mimi namtaja. Anaitwa Gajraj Singh Bhadauria, mwenye mashine ya kusaga ngano pale karibu na stendi, masharubu yamejaa unga kutwa nzima. Nimeishi naye tangu nina miaka kumi na tisa na jina hilo sijawahi kulitoa mdomoni. Leo nalitoa kwa sababu nimekasirika, na hasira yenyewe sioni ikiisha leo wala kesho.

Gajraj Singh hajawahi kumpiga mtu risasi. Hajapiga hata mbweha. Mwaka ule nyani walipovamia paa letu na kuchana nguo zote nilizokuwa nimeanika, nilimwomba apige moja tu hewani, wakimbie. Alinitazama kana kwamba nimemwambia aichome nyumba. "Risasi ya upuuzi itachafua mtutu," akasema, akachukua fimbo. Huyo ndiye mwanamume wangu. Bastola saba sandukuni, na nyani wanafukuzwa kwa fimbo.

Tena ni bastola za aina moja tu, zile zenye tumbo la kuzunguka na vyumba vya risasi ndani yake. Bunduki ndefu hazitaki. Bastola za kisasa, za kujazwa risasi kwenye kishikio, anasema ni cherehani. Yeye na tumbo la kuzunguka. Kila Jumanne, akishaoga na kutoka hekaluni, hufungua sanduku la chuma, hutandaza gazeti sakafuni na kuzitoa moja moja. Huzipaka mafuta. Huzungusha tumbo kwa kidole gumba, tik tik tik, sikio limeinama, macho yamefumba. Watoto wetu wote wawili walipougua tetekuwanga, ni mimi niliyekesha nao. Lakini bastola ikipata doa la kutu kubwa kama mbegu ya haradali, yeye hali chakula.

Ya kwanza aliirithi kwa baba yake. Ni ya Kiingereza, nzito, kishikio chake kimelainika kwa mikono ya watu waliokufa. Anaiita Rani, yaani malkia. Asubuhi ya kwanza baada ya mimi kuletwa nyumba hii, nikiwa bado na hina mikononi, hakuniuliza kama nimekula wala kama nimelala. Alinipakatisha lile dude na kusema, "Shika taratibu. Huyu ndiye Rani." Nilicheka. Nilikuwa msichana, nilidhani ni mzaha.

Mchovya asali hachovyi mara moja. Ya pili ilitoka kiwanda cha serikali kule Kanpur, na kwa ajili yake nyati wangu wa maziwa alitoka zizini asirudi. Ya tatu ni ya Kimarekani. Ilikuwa ya wakili mmoja wa Lahar aliyefariki. Baba Pushpendra, ndivyo nimwitavyo kwa jina la mwanetu, alikwenda kumpa pole mjane na akarudi na bastola ya marehemu. Nilimuuliza, "Kilio kilikwendaje?" Akasema, "Haina hata mkwaruzo."

Sheria ya wakati ule ilimruhusu mtu mmoja silaha tatu. Mwanamume mwingine angesema basi, nimefika. Yeye alianza kuwatazama watu wa nyumbani mwake na kuona nafasi.

Alianza na mama yake. Bikizee yule alikuwa hawezi kushika kikombe cha chai bila kukimwaga nusu. Alimbeba kwa pikipiki hadi ofisi ya mkuu wa wilaya, akamkalisha kitini. Ofisa akauliza, "Bibi, silaha ya nini?" Mwanawe alikuwa amemfundisha njia nzima aseme anaogopa majambazi wa makorongo ya Chambal. Majambazi wenyewe walikwisha zamani, waliobaki wamekuwa madiwani. Mama mkwe akafikiri, kisha akasema, "Sijui, mwanangu. Mwulize huyu, ndiye anayecheza nazo." Ofisi nzima ilicheka. Leseni ilitoka hivyohivyo, maana ofisa naye alikuwa wa ukoo wa Bhadauria na kwao kulikuwa na sanduku kama letu.

Baada ya mama mkwe nilifuata mimi. Nilipelekwa nimefunika uso kwa ushungi, nikaweka dole gumba pale nilipoonyeshwa ingawa kuandika najua. Bastola mbili zikaingia kwa jina langu, na jina likaandikwa lote, Omvati Devi. Nitasema jambo moja hapa. Mume naye kwetu hamtaji mkewe. Kwake mimi ni "mama Pushpendra", au "wewe, unasikia?" Tangu nije nyumba hii hajawahi kuniita Omvati. Jina langu alilitaja mara moja tu, na alimtajia karani wa polisi.

Ukija uchaguzi, kila mwenye silaha huzipeleka kituo cha polisi zikae stoo mpaka kura zihesabiwe. Miezi hiyo nyumba yetu ni matanga. Baba Pushpendra hufunga mashine mapema na kwenda kituoni na chupa ya chai na kachori za moto, kumbembeleza askari wa stoo amruhusu azione. Kachori hizo nazikaanga mimi. Binti yetu Sugandha alilazwa hospitali Gwalior siku tisa kwa homa ya matumbo. Baba yake alikwenda mara mbili.

Mama mkwe alipofariki, zile zake zilimwendea Pushpendra, mwanangu wa kwanza, anayefanya kazi ya vitambaa huko Surat. Nikimpigia simu kulalamika, hunijibu, "Mama, niache na mzee wako. Mimi hata sijui zinafanana vipi." Kwa hiyo nyumba ilikuwa imejaa, na baba Pushpendra alikuwa ametulia kwa namna yake.

Kisha sheria ikabadilika. Serikali ikasema mtu mmoja, silaha mbili, ya tatu irudishwe ndani ya mwaka. Mimi na Pushpendra tulikuwa na mbili mbili, hatukuguswa. Yeye alikuwa na tatu. Mji mzima ulilalamika kwa wiki moja, watu wakarudisha, wakaendelea na maisha. Wangu alikonda. Alikaa barazani na zile tatu mapajani akizihamisha huku na huku, kama mtu anayejaribu kukumbuka ni ipi iliyomkosea. Hakuna iliyomkosea.

Ndipo rafiki yake wa duka la silaha akamwambia kuna njia. Silaha ambayo mtu ameishika zaidi ya miaka ishirini na mitano, sheria inamruhusu kumpa mrithi wake akiwa hai. Iliyokaa muda huo ilikuwa Rani peke yake. Na jina lililobaki tupu nyumba nzima lilikuwa la Sugandha.

Sugandha anafundisha sayansi shule ya wasichana hapahapa mjini. Ni mtoto wa kunyamaza, lakini akisema amesema. Nilimwambia, "Mwanangu, kataa." Akasema, "Mama, akifurahi mimi napungukiwa nini?" Akaenda, akatia saini yake nzuri ya mwalimu. Jioni hiyo baba yake alimletea jalebi za moto, na mtoto akala akicheka. Ukiniuliza ni lini nilipaswa kuvunja vyombo, ni siku ile ya jalebi.

Kwa sababu baada ya hapo wakaanza kuja wachumba.

Wa kwanza alitoka Etawah. Baba Pushpendra akasema pua ya kijana ni ya watu wagomvi. Wa pili nyota zao hazikukubaliana, au ndivyo alivyosema mganga wa nyota baada ya kuitwa pembeni. Wa tatu kwao ni mbali. Wa nne kwao ni karibu mno, watakuwa wanakuja kila siku kula. Nami mjinga nikimtetea kwa majirani. "Anampenda sana binti yake," nilisema, "hakuna kijana anayemtosha." Mwenyewe niliamini. Sugandha akafika miaka ishirini na tisa, na hapa kwetu umri wa msichana ni hesabu ambayo kila jirani anaijua bila kufundishwa.

Kaka yangu Hukum ndiye aliyemleta Devvrat Tomar, ofisa wa kilimo kutoka Morena. Safari hii ilikuwa tofauti. Vijana wale walishapeana namba, walishazungumza, na binti yangu alikuwa ameanza kuimba akikanda unga. Nilisimama nje ya jiko nikamsikiliza mpaka chapati ikaungua.

Baba yake Devvrat, mzee Shivpal, ni mwanajeshi mstaafu, cheo chake Subedar, mtu wa maneno machache na mgongo ulionyooka. Walipokwisha kunywa chai, baba Pushpendra hakuweza kujizuia. Mgeni mwanajeshi! Sanduku likafunguliwa, gazeti likatandazwa. Subedar alimshika Rani, akafungua tumbo, akachungulia kama kuna risasi, akafunga, akaiweka chini. Kisha akafuta mikono kwenye leso.

"Nzuri," akasema. "Ya nani?"

"Ya binti," Hukum akajibu kwa majivuno, akidhani anampandisha bei mpwa wake.

"Kumbe! Basi akiolewa leseni itahamia kituo cha Morena, na yenyewe itamfuata?"

Mume wangu alikuwa na kipande cha peremende ya laddu mkononi, na mkono ulikwama nusu ya njia. Nilimwona. Naapa kwa wanangu, pale ndipo nilipoelewa pua ya kijana wa Etawah, na nyota, na kule mbali, na kule karibu. Msichana akitoka, Rani anatoka. Alikuwa hafukuzi wachumba wa Sugandha. Alikuwa anafukuza wachumba wa Rani.

"Hii haitoki nyumba hii," akasema.

"Sawa kabisa," Subedar akajibu. "Hata mimi siitaki. Nimebeba chuma mpakani ujana wangu wote, kimenitosha. Andika kwa jina lako, binti aje na nguo zake tu."

"Anazo mbili tayari," Hukum akanong'ona.

"Basi arudishe moja. Si jambo kubwa."

Si jambo kubwa! Nilitazama uso wa mume wangu na nikaona mtu aliyeambiwa akate kidole. "Nipe muda kidogo, mkwe," akasema. Subedar akampa.

Wageni walipoondoka nilimfuata uani. Nilifunga mlango wa jiko ili Sugandha asisikie, kazi bure, maana nilipiga kelele.

"Miaka minne, baba Pushpendra! Miaka minne umemkalisha mtoto wangu ndani kwa ajili ya chuma!"

"Punguza sauti. Majirani."

"Wasikie! Mganga wa nyota ulimpa nini? Unga?"

"Mama Pushpendra, huelewi. Ile ni mkono wa baba yangu."

"Na huyu ni damu yako! Rudisha ile ya Kanpur, iliyonilia nyati wangu, umchukue huyo Rani wako, mtoto aondoke!"

"Ya Kanpur ndiyo ya kwanza kununua kwa jasho langu."

"Basi ya wakili."

"Kama ile hazitengenezwi tena." Akakaa kitandani, akashika kichwa. "Unaniambia nichague mtoto gani wa kumtupa."

"Mimi watoto wangu wawili," nikasema. "Mmoja yuko Surat. Wa pili yuko jikoni, na ndiye unayemtupa."

Aliahidi. Aliapa mbele ya picha ya mama yake. Wiki iliyofuata alipanda basi kwenda Gwalior na ile ya Kanpur, kumuuzia yule rafiki yake wa duka. Jioni akarudi nayo. Juu ya hayo, alikuwa ameinunulia mkoba mpya wa ngozi, eti ilionekana nyonge. Mara ya pili alikwenda na ya wakili. Akarudi nayo pia, akasema mikono ya mwenye duka ilikuwa na jasho na asingeweza kuiacha pale. Mara ya tatu alifika stendi, akakaa kwenye mashine yake akisaga ngano za watu hadi basi la mwisho likaondoka. Sugandha alimwona, maana shule yake iko ng'ambo ya barabara.  Jikoni kuimba kuliisha.

Mvua zilipokatika Subedar alikuja tena, safari hii bila laddu. Alikaa pembeni ya kiti.

"Ndugu yangu, tumesubiri. Siku moja baada ya sikukuu ya Dussehra kuhani wetu anapanga tarehe za harusi za msimu huu. Nimwambie nini?"

Baba Pushpendra akasogea karibu, akashusha sauti kama mwenye siri tamu. "Mkwe, hebu tufikiri. Uchaguzi hauko mbali. Huku wote tumekasirika. Serikali mpya ikiingia itaturudishia ya tatu. Hapo kila kitu kinakaa sawa, hakuna anayepoteza. Tusubiri mpaka uchaguzi."

Nilikuwa nyuma ya pazia na sahani ya puri. Nilitamani ardhi inimeze mimi na puri zangu.

Subedar akasimama. "Mimi nilikuja kuposa binti," akasema. "Sikujua natakiwa kuposa na bunge." Akavaa viatu. Mlangoni akageuka na kumsalimu Sugandha kwa mikono miwili, kwa heshima, akamwambia, "Mwanangu, mpaka Dussehra. Zaidi ya hapo nitakuwa namwonea kijana wangu." Chai yake ilibaki kikombeni.

Sasa, Dussehra kwetu ndiyo siku ya kuziabudu silaha. Hata mkulima asiye na kitu huweka mundu wake na kuutia alama. Kwa baba Pushpendra ni siku kuu kuliko siku aliyozaliwa. Asubuhi hiyo alitandika kitambaa chekundu uani, akazipanga zote saba, Rani katikati. Aliwasha ubani, akachanganya bizari nyekundu na mchele, akatia kila moja alama kwa kidole, akaivisha ua la manjano. Alikuwa amevaa nguo mpya. Alikuwa na furaha! Kuhani wa Morena anaandika tarehe kesho yake, na mtu huyu anazivisha maua bastola.

Sugandha akatoka ameoga, nywele zinadondoka maji. Akapiga magoti mbele ya kitambaa, akainamisha kichwa. Baba yake akatabasamu, akidhani mtoto amekuja kusali. Msichana akanyoosha mkono, akamchukua Rani, akaondoa ua. Akafungua tumbo na kuchungulia kama ni tupu, vilevile alivyofundishwa na huyuhuyu. Akaifunga ndani ya ushungi wake.

"Baba, hii ina jina langu."

"Irudishe. Ibada haijaisha."

"Nitairudisha. Chagua moja kati ya zako mbili, twende nayo kituoni sasa hivi, na hii iwe yako mpaka ufe. Mimi nimesimama hapa. Chagua."

Hakupaza sauti. Ingekuwa mimi ningekuwa nimeshapindua sinia. Baba Pushpendra alitazama kitambaa. Mkono wake ukaenda kwenye ile ya Kanpur, ukaigusa. Ukaenda kwenye ya wakili, ukaigusa. Ukarudi. Binti yake amesimama mbele yake, maji yanamtiririka mgongoni, na mkono wa baba unakwenda na kurudi. Nilisema moyoni, chukua moja, Gajraj, chukua yoyote, nami nitakusamehe yote, hata nyati. Namuahidi Mungu ningemsamehe.

"Mwanangu," akasema hatimaye, "leo sikukuu. Siku ya sikukuu kitu hakitoki nje ya nyumba."

Sugandha akavaa ndala. Mimi nikavaa zangu.

Kituoni ofisa wa zamu alikuwa anakula peremende za sikukuu. Alipoona kilichomo kwenye ushungi akajifuta vidole. "Mwalimu, unaisalimisha serikalini? Si kuiweka tu?"

"Kuisalimisha. Na leseni hii hapa."

"Kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu."

Kabla wino haujakauka pikipiki ikaingia uani kwa kishindo. Baba Pushpendra, miguu mitupu, mchele wa ibada bado kwenye paji la uso, kile kitambaa chekundu mkononi. Nikadhani amekuja kusema nimechagua. Bado nilidhani hivyo, mimi. Alimpita binti yake kama anavyopita nguzo. Akaenda moja kwa moja kwa askari wa stoo, yule wa kachori.

"Ipakwe mafuta Jumanne," akamwambia. "Mafuta mepesi. Isilazwe ubavu wa kulia, pana ufa kwenye kishikio. Ifungeni na hiki."

Kisha akashika nondo za dirisha la stoo na kulia. Alilia kwa sauti, mabega yanatikisika, kama wanavyolia kina baba siku ya kuaga bibi harusi. Askari wakamletea maji. Mmoja akaniambia, "Mama, mzee wako ana roho laini sana." Nilitaka kuwapiga makofi wote wawili. Sugandha alikuwa amesimama na ushungi wake uliojikunja, anamtazama baba yake analia. Hapo ndipo alipotoa chozi, moja, akalifuta.

Harusi ilifungwa majira ya baridi. Tarumbeta, farasi mweupe, watu mia nne, kila kitu kilichopaswa kuwepo. Asubuhi ikafika saa ya kumuaga. Bibi harusi hurusha mchele nyuma yake ili nyumba aliyotoka isipungukiwe, halafu humkumbatia baba, na baba hulia. Hata wanaume wakavu kama kuni hulia saa ile, hakuna anayewacheka. Wageni wote walikuwa wanamngoja Gajraj Singh.

Sugandha akaweka kichwa kifuani kwake. Yeye akampigapiga mgongoni. Msichana akainua uso na kumtazama machoni, akamtazama muda mrefu. Nilijua anatafuta nini kwa sababu nami nilikuwa nakitafuta. Macho yale yalikuwa makavu kama sakafu ya mashine yake. Machozi aliyaacha dirishani kwa polisi.

Gari likaondoka. Vumbi lilikuwa halijatua. Nilikuwa bado nimeinua mkono, uso umelowa, pua inachuruzika, na mume wangu akanisogelea sikioni.

"Wewe, unasikia," akasema taratibu, kwa ile sauti ya siri tamu. "Pushpendra tumwozeshe mwaka huuhuu. Mke wake atakuja na jina lake. Nafasi mbili."

Nilishusha mkono.

Funguo za nyumba hukaa kiunoni mwangu, zote, na za lile sanduku pia. Niliingia ndani nikiwa na sari ya harusi, nikafungua, nikatoa zile mbili zenye jina langu pamoja na leseni yangu. Nilifungua matumbo yote mawili kuhakikisha ni matupu, ndivyo nilivyomwona mwanangu akifanya. Moja mkono wa kulia, moja mkono wa kushoto, nikatoka.

Wageni waliponiona walishangaa, wakadhani mama wa bibi harusi anataka kupiga risasi za shangwe, kama wapigavyo watu wetu kila harusi. Wakanipisha njia, wakapiga makofi. Wapiga tarumbeta waliokuwa wanafunga mizigo wakaanza upya. "Piga, Mama! Piga!" wakapiga kelele vijana. Hukum peke yake aliona uso wangu, akatoka mbio kunifungulia lango. Nikapita katikati ya kelele zile, nikashika barabara ya kituoni.

Nilikuwa nimefika kwenye mashine ya kusaga alipong'amua. Nikasikia nyayo zake nyuma, na pumzi yake, na baadaye sauti.

"Omvati!" aliita, mbele ya mji mzima. "Omvati! Omvati!"

Sijui kama aliniita mimi au lile jina la kwenye leseni. Sikugeuka kuuliza.